Kipi Changu, Kipi cha Pombe

Daktari aliyenitibu sonona hakuanza na dawa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na alinisikiliza kwa muda mrefu bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mwalimu, jioni unakunywa?" Nikamjibu kama wanaume wengi wanavyojibu, kwamba nakunywa kawaida. Akataka kujua kawaida ni ngapi. Nikasema tatu, nne, na siku ya mshahara zaidi ya hapo. Akaandika. Kisha akasema hawezi kujua naumwa nini hasa mpaka tupunguze pombe na kuiacha akili yangu itulie kwa wiki nne hivi. "Ninachokiona sasa hivi ni vitu viwili vilivyoshikana," alisema. "Sijui kipi chako na kipi cha pombe."

Maneno yale hayakunipendeza. Nilikuwa nimepeleka huzuni hospitali, sikupeleka ulevi. Kwetu, huku chini ya Mlima Kilimanjaro, mlevi anajulikana: ni yule anayelala kwenye mfereji wa barabarani, anayeuza mabati ya nyumba, anayepiga watoto. Mimi nilikuwa kazini kila asubuhi, shati limepigwa pasi. Hakuna mtu kijijini, wala shuleni, wala kanisani, aliyewahi kuniita mlevi. Leo naamini swali lile lilikuwa sehemu kubwa ya tiba yangu, na ndilo swali ambalo watu wengi wenye sonona hawaulizwi, au wanaulizwa kwa kukaripiwa, na mtu anayekaripiwa haachi kuficha.

Niseme kwanza hali niliyokuwa nayo, kwa sababu sonona huzungumzwa sana na kuelezwa kidogo. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, tukamaliza matanga, ndugu wakarudi Dar es Salaam na Arusha, na mimi nikarudi darasani. Kwa miezi michache nilijiona nimepona. Halafu mambo yakaanza kupoteza ladha, moja baada ya jingine. Mtori ambao nimeupenda tangu utotoni nikawa naula kwa sababu umewekwa mbele yangu. Madaftari ya kidato cha pili yakakaa mezani hayajafunguliwa, na kila nikiyatazama nachoka zaidi. Dada yangu akipiga simu naiacha iite hadi ikatike. Nilifundisha somo la Historia kwa mdomo tu, mawazo yako mbali, na wanafunzi wanajua mwalimu anapokuwa hayupo hata kama amesimama mbele yao. Kilichonitisha zaidi kilikuja usiku. Niliamka saa tisa, karibu kila usiku, moyo unadunda, jasho kifuani, nikiwa na uhakika kwamba kuna jambo baya linakuja na mimi ndiye chanzo chake. Katika saa hizo nilianza kuamini kuwa mimi ni mzigo kwa mke wangu na watoto, na kwamba nisipoamka asubuhi watakuwa wamepumzika. Ninaandika sentensi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa najua kuna msomaji ambaye amewahi kuiwaza na hajawahi kumwambia mtu.

Nilikunywa kupunguza mawazo. Hivyo ndivyo tunavyosema, na hatusemi uongo. Wanaohubiri dhidi ya pombe hukosea wanapokataa kwamba pombe hutuliza, kwa sababu kila mnywaji anajua inatuliza, na akisikia unakanusha jambo analolijua kwa mwili wake, hatakusikiliza tena. Nilipofika grosari jioni, mhudumu akauliza ya moto au ya baridi, nikapiga funda la kwanza, mabega yalishuka. Chupa ya pili nilicheka. Kwa saa moja au mbili nilikuwa mtu niliyemfahamu. Kwa nini nisirudi kesho?

Daktari alinieleza kinachotokea baada ya hapo, na alinieleza kama mtu anayeheshimu akili ya anayemsikiliza. Ubongo una kemikali zinazotuliza na zinazochangamsha. Kubwa kati ya zile za kutuliza huitwa GABA, na kubwa kati ya zile za kuchangamsha huitwa glutameti. Pombe huiongezea nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, ndiyo maana mabega hushuka. Lakini ubongo haukubali kulazwa hivyo. Nao hujibu kwa kupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu, ili mambo yalingane. Pombe inapoisha mwilini, jibu lile hubaki peke yake. Utulivu umeondoka, uchangamfu umezidi, na mtu hujikuta macho, moyo unakimbia, hofu imemjaa bila sababu yoyote anayoweza kuitaja. Nilikuwa nakopa utulivu wa jioni, na riba nilidaiwa saa tisa usiku.

Akachukua kalamu tukapiga hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi kwa kahawa, supu ya moto wala kuoga maji baridi. Chupa nne ni gramu 80. Mtu aliyeanza kunywa saa kumi na mbili jioni, ini lake linamaliza kazi kati ya saa nane usiku na alfajiri. Nilitazama zile namba kwa muda. Saa ya hofu yangu, ambayo nilikuwa nimeanza kuipa maana za kiroho, ilikuwa pale pale kwenye karatasi. Aliongeza kwamba pombe hubana usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha nusu ya pili usingizi unakuwa mwepesi na wa kukatikakatika. Mtu anaweza kulala kwa muda wa saa nane na kuamka kama hajalala, na anayeishi hivyo kwa miezi atakuwa na uzito moyoni hata kama hana msiba wowote.

Kabla ya kuniambia nipunguze, aliuliza maswali ambayo nataka kila msomaji ayashike. Je, mikono yangu hutetemeka asubuhi kabla sijanywa? Je, huwa nazimua, yaani nakunywa asubuhi ili niweze kuanza siku? Je, nimewahi kupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo nilipokaa bila pombe? Nilijibu hapana kwa yote. Kama ningesema ndiyo hata kwa moja, alisema, asingeniruhusu kupunguza peke yangu nyumbani. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Alinipa pia karatasi ya maswali 10. Inaitwa AUDIT, na ilitengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani miaka ya 1980 kwa kuwahoji wagonjwa wa nchi sita, mojawapo ikiwa Kenya. Nalitaja hilo kwa sababu kuna watu wanaodhani vipimo hivi ni vya Wazungu na haviwahusu wanywaji wa huku kwetu. Majibu ya wagonjwa wa Kenya yalikuwamo tangu mwanzo. Maswali yanauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku moja, umewahi kushindwa kufanya jambo lililokuwa wajibu wako, umewahi kujuta baada ya kunywa, kuna ndugu au daktari aliyewahi kukuambia upunguze. Alama za juu kabisa ni 40, na kuanzia 8 mtu anahesabiwa kuwa yuko kwenye unywaji wa hatari. Mimi, mwalimu wa shati lililopigwa pasi, nilivuka 8.

Makubaliano yetu yalikuwa mepesi kuyasema. Bia zisikae nyumbani. Ziwepo siku kavu, na siku kavu zizidi siku za kunywa, kisha tujaribu wiki nzima bila kitu. Nile kwanza kabla ya kunywa. Nisiingie kwenye raundi. Niandike kila ninachokunywa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko miezi yote iliyotangulia, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa naamini hapa ndipo watu wengi hurudi nyuma. Nilikuwa nimetegemea kwamba nikipunguza nitajisikia nafuu kesho yake. Badala yake jioni zikawa ndefu. Saa kumi na mbili ikifika mwili ulinyanyuka wenyewe kuelekea grosari, na nilipokaa nyumbani sikujua mikono niiweke wapi. Usingizi ulikataa kuja hadi usiku wa manane. Ulipokuja ulikuja na ndoto kali, za rangi na sauti, baba akiniita kutoka kwenye migomba na mimi siwezi kusogea. Nilikuwa mkali kwa watoto juu ya mambo ya kijiko na ndala. Nilitamani sukari kupita kiasi. Na huzuni ile, ambayo zamani ilikuwa ikipumzika kwa saa mbili kila jioni, sasa ilikaa nami kutwa nzima bila mapumziko. Hitimisho lililonijia lilikuwa jepesi: pombe ndiyo iliyokuwa inanishikilia, na bila hiyo mimi ndiye huyu.

Nilirudi kwa daktari na hitimisho hilo. Hakushangaa. Alisema ubongo uliozoea kubanwa huchukua muda kujua kwamba haubanwi tena. Ndoto zile kali zilikuwa usingizi wa ndoto ukirudi kwa fujo baada ya kunyimwa nafasi, na ukali wangu ulikuwa uchangamfu uliobaki bila mpinzani. "Mwalimu, usijihukumu kwa wiki mbili hizi," aliniambia. "Hizi hazisemi ukweli juu yako." Mtu akinipa nafasi ya kumwambia mnywaji mwenye huzuni neno moja tu, nitampa hilo. Watu hujipima katika siku zile zile ambazo kipimo kimeharibika, wakapata jibu baya, wakarudi kaunta wakiwa na ushahidi.

Nafuu ilipoanza haikuanza kwenye furaha. Ilianza kwenye usingizi. Asubuhi moja niliamka na jua limeshaingia dirishani, na ilinichukua muda kuelewa kuwa saa tisa ya usiku imepita bila kuniamsha. Ikatokea tena. Baadaye nikaona hofu ya asubuhi imepungua makali, kisha njaa ikarudi. Mke wangu ndiye aliyegundua. Siku hiyo niliuliza dagaa wamewekwa nini, na akaniambia ni muda mrefu sijauliza chochote kuhusu chakula. Darasani nilisikia wanafunzi wakicheka jibu la mwenzao na nikajikuta nacheka nao. Na lile wazo la kwamba mke wangu na watoto wangepumzika kama nisingeamka, likafifia mpaka nikawa nalikumbuka kama jambo lililosemwa na mtu mwingine. Daktari alinieleza kwamba hilo halikuwa bahati. Pombe huongeza huzuni, na wakati huohuo hulegeza breki inayomzuia mtu asitende lile analoliwaza, na mchanganyiko huo umechukua maisha ya watu wengi ambao wangevuka usiku ule kama wangekuwa hawajanywa.

Kulikuwa na nafuu nyingine ambayo haihusiani na ubongo. Grosari yetu ilikuwa na daftari la madeni, na jina langu lilikuwa ndani yake. Kila mwisho wa mwezi nililipa, na kila katikati ya mwezi nilikuwa nimerudi humo. Sehemu ya huzuni yangu ilikuwa aibu ya daftari lile, ya kumwambia mtoto ada itachelewa huku nikijua fedha imekwenda wapi. Deni lilipokwisha na lisirudi, nilipita mbele ya duka lile nikiwa nimeinua uso. Vitabu vya tiba havilipi jambo hili uzito unaostahili. Pombe huleta sonona kupitia damu, na huileta pia kupitia mfuko, kupitia ugomvi wa usiku, kupitia ahadi zisizotimizwa kwa watoto. Ukipunguza, milango yote hiyo hujifunga kidogokidogo.

Baadaye, nikiwa na nguvu ya kusoma tena, nilipata habari ya utafiti ambao ungenisaidia sana kama ningeujua mapema. Mwaka 1988 watafiti wawili wa San Diego huko Marekani, Sandra Brown na Marc Schuckit, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 191 waliolazwa kwa sababu ya utegemezi wa pombe. Walipoingia wodini, asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona. Wiki ya nne bila pombe, waliobaki na dalili nzito walikuwa asilimia 6. Hakuna muujiza uliofanyika hapo katikati. Pombe ilitoka, muda ukapita. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri takriban mwezi mmoja kabla ya kusema kwamba sonona ya mnywaji inasimama yenyewe, ila kama hali ni ya hatari, au kama ilikuwepo kabla ya pombe, kwa hao hawangoji.

Lakini nawaomba waliofurahishwa na asilimia 42 kuwa 6 wasiwasahau wale 6. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa namna yangu. Wiki nne zilipopita, hofu ya usiku ilikuwa imeondoka, usingizi umerudi, aibu imepungua, na bado kulikuwa na kitu kimekaa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa nilikiona wazi. Alikuwa baba. Nilikuwa sijamlilia. Mimi ndiye niliyesimamia mazishi, nikahesabu michango, nikapokea wageni, na jioni nikanywa na wanaume wenzangu ili siku iishe. Kwa mwaka mzima kila huzuni ilipoinuka niliizamisha kabla haijafika kooni. Hiki ndicho kilichokuwa changu, na pombe ilikuwa imekifunika. Daktari akanianzishia vidonge na kunipeleka kwa mshauri, na safari hii matibabu yalikuwa na mahali pa kushika.

Alinionya pia juu ya vidonge vyenyewe. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi vizuri, na mtu anayezimeza huku akinywa kila jioni anaweza kudhani hazifai kitu wakati hajazipa nafasi. Amitriptilini, ambayo hutolewa sana katika hospitali zetu, yenyewe inaleta usingizi, na ikichanganywa na pombe usingizi ule unaweza kuwa wa hatari.

Jambo hili la kubaki na huzuni baada ya pombe kuondoka halikuanza na mimi. Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935 huko Akron, Ohio, aliacha pombe kabisa Desemba 1934 na hakuirudia tena. Maelfu waliacha pombe kwa mfano wake. Na bado katika miaka ya 1940 alizama katika sonona iliyomtesa kwa miaka mingi. Aliyepunguza au kuacha na bado analia hajashindwa. Ana ugonjwa wa pili, nao una tiba yake.

Watu huniuliza nilifanyaje kwenye misiba na harusi, kwa sababu kwetu Wachagga, anayekwepa mbege, pombe yetu ya ndizi, anaonekana amekwepa ukoo. Swali hili nalipenda, maana lilinirudisha kwenye mila nikaikuta ina hekima ambayo grosari haina. Mbege si kazi ya mchezo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, zikachachushwa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na kuna wanaotia gome chungu la msesewa. Ikiwa tayari, watu hukaa pamoja na kata hupita mkono hadi mkono. Kwenye msiba mmoja wa ukoo nilikaa pembeni, na baba mdogo akaniona.

"Mbona kata inapita mbali na wewe?"

"Shikamoo, baba mdogo. Daktari ameniambia nipunguze."

"Marahaba. Ni ini?"

Wanaume wote walinigeukia. Nikasema si ini, ni mawazo. Kwamba tangu mzee aondoke silali, na pombe inazidisha. Baba mdogo alikaa kimya, naye alikuwa amezika kaka yake siku ile ile niliyomzika baba yangu. Kisha akanisogezea kata. "Basi onja, upitishe. Nani alikwambia lazima umalize?"

Nilionja, nikapitisha. Hakuna aliyelalamika. Hapo nikatambua kwamba kata haihesabu. Anayeonja na anayegugumia wote wameshiriki, na heshima yao ni moja. Bia ya chupa haina njia hiyo. Chupa ni yako peke yako, ukiifungua umeimiliki, na raundi inakufanya mdeni wa kila aliyekaa mezani. Wenzangu wa grosari hawakuwa watu wabaya, lakini meza yao haikuwa na nafasi ya mtu anayeonja. Wazee wetu nao walilewa, na mbege nayo imevunja nyumba. Silisemi hili kuisafisha. Ninachosema ni kwamba anayetaka kupunguza atafute mahali ambapo kidogo kinatosha, na kama hapo hapapo, abadilishe meza. Na baada ya siku ile wanaume wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinifuata kuniuliza hayo mawazo niliyoyasema yanakuwaje.

Wanawake wana mzigo wa ziada. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, kwa hiyo kiasi kilekile cha pombe kinakuwa kikali zaidi kwenye damu yake. Na kwa sababu mwanamke anayekunywa anatukanwa haraka, wengi hunywa kwa kujificha, jikoni au chumbani, na hakuna wa kumwona akizidisha wala wa kumwona akizama. Namfahamu mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, ambaye gongo ilikuwa dawa yake ya usingizi tangu mumewe alipomtelekeza. Alikuwa amemwona daktari kwa maumivu ya kichwa, kwa vidonda vya tumbo, kwa presha. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu pombe, kwa kuwa hakuna aliyemdhania.

Nasi tusiwaachie wagonjwa kazi yote. Serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, Machi 1, 2017, wapo waliosema hakuna kitakachobadilika. Nilikuwa nikiziona pakiti tupu nyuma ya madarasa yetu. Pombe inayouzwa kwa sarafu za mtoto, inayoingia kwenye soksi, haimpi mtu mwenye huzuni nafasi hata ya kutembea hadi baa na kubadili mawazo njiani. Nitaitetea sheria ile popote. Hapa hapa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, watafiti kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wametengeneza mazungumzo mafupi yanayoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muuguzi hukaa na majeruhi aliyefikishwa idara ya dharura, wakazungumza kwa Kiswahili kwa dakika chache, kwa heshima, kuhusu pombe yake na kile ambacho yeye mwenyewe angependa kibadilike. Ningependa kuona mazungumzo ya namna hiyo katika kila zahanati, na ningependa yasiishie kwa waliovunjika mguu. Yamfikie pia anayesema halali, anayesema amechoka, anayesema mawazo yamemzidi.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Kijana mmoja dereva wa bodaboda, jirani yetu, alisikia nimepata nafuu akaamua kuacha siku moja, yeye aliyekuwa akizimua kila asubuhi kwa miaka. Hakumwambia mtu. Siku ya pili alianguka kwa degedege kwenye kijiwe chao. Wenzake walimkimbiza hospitali, akapewa dawa za kutuliza ubongo na vitamini B1 ambayo miili ya wanywaji wengi imepungukiwa, akapona. Angeweza kufa. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshategemea pombe, degedege, likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuja kuchanganyikiwa kukali, homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo ni ya dharura kama malaria kali. Watu wa namna hii mara nyingi hawawezi kupunguza, wanahitaji kuacha kabisa, na kuacha kwao kunatakiwa kufanyike mikononi mwa watu wa afya.

Kwa hiyo, wewe unayekunywa na huzuni haikuachi: kama mikono yako hutetemeka asubuhi, au unazimua, au umewahi kupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo ulipokaa bila pombe, usiache pombe peke yako wala ghafla, nenda hospitali, umwambie daktari kiasi chote bila kupunguza hata chupa moja. Kama huna hata moja kati ya hayo, punguza, uvuke wiki mbili za kwanza ukiwa na mtu anayejua unachokifanya, usubiri mwezi utimie, halafu rudi ueleze kilichobaki. Na kama usiku unawaza kwamba ni afadhali usiamke, usingoje mwezi wala kesho. Mwamshe aliyelala karibu nawe, umwambie sasa hivi.

Nanyi manesi, matabibu, wachungaji, masheikh na walimu wenzangu: mtu akiwajia na huzuni, mwulizeni na pombe, na akiwajia na pombe, mwulizeni na huzuni.